Wadudu wawili kwa jina moja: mtaalamu wa kilimo, muhogo wetu na kazi ya kutaja vitu

Likizo iliyopita niliombwa kutafsiri katika mkutano wa wakulima wa muhogo upande wa Walungu. Mgeni alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyetoka Kinshasa. Kifaransa chake kilikuwa kizuri, Lingala yake nzuri zaidi, lakini Kiswahili alikuwa anakisikia kidogo tu. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, mitihani ya tafsiri nimefaulu, nikaona kazi ni nyepesi. Katikati ya maelezo yake akasema maneno mawili ya Kifaransa, lutte biologique. Bila kusita nikayageuza: vita vya kibiolojia. Akaendelea, akasema kwamba zamani wadudu fulani waliwahi kuletwa nchini mwetu na kuachiliwa mashambani kwa maelfu. Nami nikasema vilevile: "Wadudu waliletwa, wakaachiliwa mashambani kwa maelfu."

Watu wakanyamaza. Kisha mama mmoja mzee aliyekaa mbele akaniuliza mimi, si mgeni: "Mwanangu, vita tena? Na mara hii wanatumia wadudu?"

Hakuna aliyecheka. Anayeijua Kivu hahitaji kuelezwa sababu. Mgeni akanigeukia akaniuliza nimesema nini, nikamrudishia maneno yangu kwa Kifaransa, naye akashika kichwa.

Makala haya yametoka katika aibu ile. Niliporudi Bukavu nilitafuta habari yote ambayo mgeni alikuwa akiisimulia, kwa sababu niliona kwamba nilikuwa nimeitafsiri bila kuijua. Nilidhani nitakutana na habari ya wadudu. Nilikutana na habari ya majina, yaani jambo ambalo sisi wa kitivo cha lugha tunasema ni letu.

Kwanza niseme kidogo juu ya msemo wenyewe wa "sécurité alimentaire". Wengi huandika "usalama wa chakula". Mimi naona si tafsiri nzuri kwetu. Chakula salama ni chakula kisicho na sumu. Na neno "usalama" peke yake, hapa Kivu, linawakumbusha watu askari. Wanaosema "uhakika wa chakula" wamefika karibu zaidi na maana, kwa sababu swali la mama wa nyumbani ni hili: je, kesho nitakuwa na hakika ya kupika? Nitatumia msemo huo hapa.

Na tukisikia kwamba mataifa yanashirikiana kwa ajili ya uhakika wa chakula, picha inayotujia ni magunia yenye nembo, magari meupe na semina katika hoteli. Mtaalamu wa kilimo tunamwona nyuma ya magunia hayo, akionyesha jinsi ya kupanda kwa mistari. Sisemi kwamba picha hiyo ni ya uongo. Lakini kuna kazi nyingine yake isiyoonekana, inayotangulia magunia yote: kujua kitu kilicho mbele yake ni kitu gani hasa, na kuwafanya watu wasiojuana, wasio na lugha moja, wakubaliane kwamba ndicho hicho. Kazi hii ikikosewa, fedha na safari zote zinazofuata zinapotea. Mfano ninaouleta ulianzia kwetu, kwenye kingo mbili za mto wetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu na Kinshasa na Brazzaville, wakulima waliona muhogo unadumaa. Majani ya juu yalijikunja na kusongamana kama ngumi, vifundo vya shina vikakaribiana, na wakati wa kiangazi mashamba mengine yalibaki fimbo tupu. Ukifunua majani yale unakuta vidudu vidogo vilivyofunikwa na kitu cheupe kama unga. Kifaransa kinamwita mdudu huyu cochenille farineuse, na hiyo "farineuse" ni unga huohuo. Kwa kuwa sikupata jina moja la Kiswahili linalokubaliwa na wote, humu nitamwita mdudu-unga.

Msomaji wa mjini anaweza kudhani kwamba hasara ilikuwa katika mizizi tu, na kwamba mizizi iko chini ya udongo, mbali na mdudu wa majani. Lakini mti usio na majani hauweki chakula mizizini; hasara iliyopimwa katika mashamba mengine ilifika hadi asilimia 80. Tena kwetu majani yenyewe ni chakula. Sisi tunaita sombe, Kinshasa wanaita pondu, wengine saka-saka, wengine matamba. Majina mengi hivyo kwa mboga moja ni ushahidi kwamba nchi nzima inaila. Mdudu-unga alikuwa anachukua bugali na mboga yake kwa pamoja. Kisha yapo mashina. Muhogo haupandwi kwa mbegu, hupandwa kwa vipande vya shina, na mkulima ambaye shamba lake limekufa humwomba jirani vipande. Katika vipande hivyo mdudu alisafiri bila kulipa nauli.

Tena ana jambo lake la kushangaza: wote ni majike. Jike hutaga mayai mamia bila kumhitaji dume. Kwa hiyo mdudu mmoja tu katika kipande kimoja cha shina alitosha kuanzisha balaa katika wilaya nzima. Hadi katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ameenea kutoka Senegal hadi Malawi, katika eneo ambalo watu wapatao milioni 200 walitegemea muhogo.

Nini kifanyike? Kupulizia dawa kulikuwa jibu la haraka, na baadhi ya watu walilipendekeza. Lakini mkulima mwenye shamba dogo angenunua dawa kwa fedha gani? Na mama anayechuma sombe leo kwa chakula cha jioni angengoja siku ngapi baada ya dawa? Kuzalisha aina ya muhogo inayomshinda mdudu kulikuwa jibu zuri, ila la miaka mingi. Zaire ilikuwa na programu yake ya taifa ya muhogo, PRONAM, kule M'Vuazi katika Bas-Zaïre, na njia hiyo ya aina bora ilifuatwa huko. Lakini mdudu hakungoja.

Jibu la tatu lilitokana na swali la historia. Muhogo si mmea wa Afrika. Uliletwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16, ukaingia kwetu kwa mlango wa Mto Kongo. Kwa miaka mia nne uliishi hapa bila mdudu huyu. Alipotokea ghafla, wataalamu walifikiri hivi: lazima naye ametoka kule ulikotoka muhogo, amekuja juzi, na amewaacha nyuma maadui wake. Huko kwao hakuna anayelia juu yake, kwa hiyo kuna kitu huko kinachomla. Tukitafute. Hiyo ndiyo lutte biologique niliyoiita vita: kumrudishia mdudu adui aliyemkimbia.

Sasa tunafika kwenye jina. Mwaka 1977, Danièle Matile-Ferrero, mtaalamu Mfaransa wa wadudu wa jamii hiyo, alimchunguza mdudu aliyetoka Kongo-Brazzaville, akaona kwamba hajawahi kuelezwa na mtu yeyote, akampa jina la kisayansi: Phenacoccus manihoti. Neno la pili maana yake ni "wa muhogo". Sasa mdudu alikuwa na jina, na watafutaji walikuwa na maelezo ya kubeba mkononi.

Wakaenda kumtafuta kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na huko wakampata. Au walidhani wamempata. Alikuwa mdudu mweupe kama unga, juu ya muhogo, majani yamejikunja vilevile. Wakakusanya wadudu waliokuwa wakimla, wakawajaribu juu ya mdudu wa Afrika. Wakakataa. Hawakuweza kuzaliana juu yake. Wengine wangesema: basi, njia hii imeshindwa, turudi kwenye dawa.

Kilichokuwa kimeshindwa ni utambuzi. Chini ya hadubini, na baada ya kuwafuga, tofauti zilionekana: mdudu wa Afrika ana rangi ya waridi na ni majike matupu, yule wa kaskazini mwa Amerika ya Kusini anaelekea umanjano na ana madume. Walikuwa wadudu wawili kwa jina moja. Mwaka 1981 Cox na Williams walimtenga yule wa pili na kumpa jina lake, Phenacoccus herreni.

Hapa naomba tusimame. Katika somo la semantiki tunafundishwa kwamba uhusiano wa jina na kitu ni mapatano tu ya watu. Sawa, sipingi. Lakini mapatano hayo yakilegea, watu hupanda ndege kwenda mahali pasipo penyewe, na wakati huo muhogo wa Bandundu unakauka. Wanabiolojia wana desturi ambayo sisi wa lugha tungeweza kuionea wivu: jina jipya hufungwa na kielelezo kimoja, mdudu mmoja halisi anayehifadhiwa katika jumba la makumbusho, ili mtu wa kesho akiwa na shaka aende akamtazame. Hebu fikiria kama kila neno katika kamusi lingekuwa na kitu chake kabatini.

Hilo jina herreni nalo linatupeleka kwa mtu. Hans Rudolf Herren ni Mswisi, alizaliwa mwaka 1947, mtoto wa wakulima, akasomea wadudu Zurich. Mwaka 1979 alijiunga na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA, huko Ibadan, Nigeria, na kazi aliyopewa ilikuwa mdudu-unga wetu. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mdudu aliyepewa jina lake si yule aliyemletea sifa, ni yule aliyewapotezea watu muda. Alisafiri akiwatafuta wadudu kutoka Amerika ya Kati kwenda kusini, na aliwaomba wengine watazame kila walipopita. Ombi hilo nalihesabu kuwa nusu ya kazi. Aliyemwona mdudu mwenyewe, mwaka 1981, hakuwa Herren. Alikuwa Mmarekani Tony Bellotti wa kituo cha CIAT cha Kolombia, alipokuwa Paraguay.

Paraguay! Mtu wa lugha hawezi kupita hapo bila kusema neno. Kifaransa manioc, na manihoti ya jina la kisayansi, vimetoka katika lugha za jamii ya Tupi na Guarani; na Guarani ndiyo lugha inayosemwa na watu wengi wa Paraguay mpaka leo. Sidai kwamba etimolojia ingeweza kuwa dira, maana lugha hizo zilisemwa katika eneo kubwa mno. Lakini naona ni vizuri kukumbuka kwamba katika jina la mdudu, alilopewa na Mfaransa kwa Kilatini kwa ajili ya balaa la Afrika, kulikuwa tayari na neno la wakulima walioishi karibu na chimbuko lake.

Kwa nini alichelewa kuonekana? Kwa sababu kule kwao alikuwa adimu. Watu walikuwa wanatafuta mdudu ambaye, kama wazo lao lilikuwa sahihi, ilibidi awe mgumu kupatikana, kwa maana maadui zake wanampunguza kila siku. Ugumu wa kumpata ulikuwa dalili njema.

Pamoja naye alipatikana nyigu mdogo sana, asiyefika milimeta tatu. Naye alikuwa na jina tayari: Luis De Santis wa Argentina alikuwa amemweleza mwaka 1964 na kumwita lopezi, pengine bila kuwaza hata siku moja juu ya muhogo wa Afrika. Ukoo wake katika vitabu umebadilishwa mara kadhaa. Utamkuta Apoanagyrus, utamkuta Epidinocarsis, siku hizi ni Anagyrus. Mwanafunzi anayetafuta habari zake kwa jina moja tu atapoteza theluthi mbili za maandishi, kama ilivyonitokea mimi wiki ya kwanza.

Nyigu jike humdunga mdudu-unga na kuweka yai ndani ya mwili wake. Yai huangua, buu hula kutoka ndani, mdudu-unga huvimba, hukauka na kuwa ganda la rangi ya kahawia, na baada ya siku chache nyigu mpya hutoboa ganda na kutoka. Hadungi watu. Hali mimea. Nasema haya wazi kwa sababu neno "nyigu" lenyewe ni mtego mwingine wa mtafsiri: kwa kila mtoto wa kijijini nyigu ni yule anayevimbisha uso. Ukimwambia mkulima kwamba nyigu wataletwa shambani kwake kwa maelfu, usishangae akikutafutia fimbo.

Kutoka Paraguay nyigu hawakuletwa moja kwa moja Ibadan. Walipitishwa London, katika karantini ya taasisi ya Uingereza iliyoshughulika na kazi hizo. Uingereza hakuna muhogo, hakuna mdudu-unga. Nyigu akitoroka huko hana pa kuishi. Humo walihakikisha kwamba hawajabeba ugonjwa wala vimelea vyao wenyewe. Ilitakiwa pia kibali cha Baraza la Afya ya Mimea la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwa sababu nyigu haonyeshi pasipoti mpakani: ukimwachilia Nigeria, umemwachilia na Benin. Huu ndio ushirikiano wa mataifa ninaouelewa. Kiumbe asiyejua mipaka huwalazimisha wenye mipaka kuzungumza.

Waliachiliwa kwa mara ya kwanza Nigeria mwishoni mwa 1981. Wakaenea wenyewe, wakavuka kiangazi, wakaendelea kuwepo. Baadaye yalijengwa mabanda ya kuwafuga kwa wingi, mafundi wa nchi nyingi wakafunzwa, na hata ndege zilitumiwa kuwasambaza. Fedha zilitoka kwa Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo na kwa serikali kadhaa za Ulaya. Walifika nchini kwetu katika miaka ya mwanzo ya 1980, na kufikia 1990 walikuwa wametulia katika nchi zaidi ya ishirini. Mdudu-unga hakutoweka, akawa adimu kama alivyo kwao. Mkulima hakununua kitu, na wengi hawakujua kwamba kuna lililofanyika. Waliona tu kwamba sombe imerudi.

Mchumi Robert Norgaard alikadiria mwaka 1988 kwamba kila dola moja iliyotumika ilileta faida ya dola 149. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Utasoma mahali pengi kwamba kazi hiyo iliokoa maisha ya watu milioni 20. Namba hii mimi siipokei kama hesabu. Huwezi kumhesabu mtu ambaye hakufa. Naipokea kama namna ya kutoa heshima. Ile ya Norgaard walau inaonyesha ilivyopatikana.

Lakini masimulizi mengi ya tuzo yana kasoro moja ya kisarufi ambayo ningependa wenzangu waione. Mtenda ni mmoja. "Herren aliokoa muhogo wa Afrika." Ukiyapanua maelezo, watenda wanaongezeka: mwanamke wa Paris aliyetoa jina, watu wa hadubini waliotenganisha majina mawili, Mwargentina wa 1964, Bellotti barabarani Paraguay, walinzi wa karantini, mafundi wa Ibadan na M'Vuazi, Mswisi mwingine Peter Neuenschwander aliyefuatilia matokeo kwa miaka. Na katika ripoti zenyewe kasoro huwa kinyume chake, mtenda hayupo kabisa: wadudu "waliachiliwa", mashamba "yalipimwa", wakulima "walielimishwa". Kauli ya kutendwa ni nzuri kwa sayansi. Kwa mkutano wa kijiji ni mbaya, kwa maana swali la kwanza la watu ni "nani?" Mimi pale Walungu nilisema "waliachiliwa", na katika masikio ya watu waliokwisha kuteseka, kitenzi kisicho na mtenda ni kitisho.

Na mkulima je, yeye ni mtendwa tu? Si kila mahali. Neuenschwander na wenzake waligundua kwamba katika mashamba machache nyigu hawakufanikiwa vizuri, hasa penye udongo wa mchanga uliochoka. Muhogo dhaifu hulea wadudu-unga wadogo wasiomfaa nyigu. Dawa ya hapo ilikuwa matandazo na samadi, yaani mikono ya mwenye shamba.

Wala sitaki msomaji adhani kwamba nyigu alimaliza taabu za muhogo wetu. Ugonjwa wa mozaiki huletwa na virusi, na nyigu hana habari nao. Michirizi ya kahawia nayo ni virusi. Hakuna mdudu anayerudisha watu waliokimbia mashamba yao, wala anayetengeneza barabara ya kupeleka unga sokoni. Mtaalamu wa kilimo anayeahidi hayo yote ametoka nje ya kazi yake.

Jambo moja zaidi, ambalo mgeni wetu alilisimulia kwa fahari. Mwaka 2008 mdudu-unga alionekana Thailand, nchi inayouza wanga wa muhogo duniani. Watu wa Thailand hawakurudi Paraguay. Mwaka 2009 walichukua nyigu kutoka kituo cha IITA kilichoko Benin, wakawafuga na kuwaachilia kwao. Yaani safari hii Afrika ndiyo iliyotoa.

Sasa nirudi Walungu. Mgeni alipoacha kushika kichwa hakunikemea. Aliniambia kwa Kifaransa: usitafsiri neno langu, tafsiri kitendo changu. Nikawaomba watu radhi nikaanza upya: kuna mdudu mbaya aliyekuja bila adui yake, watu walikwenda kumtafuta adui huyo, wakamleta, naye anamla huyo mmoja tu. Nikataja nani walikwenda, nani waliruhusu, mwaka gani. Mama yule alisikiliza, kisha akauliza tena, na safari hii alimtazama mgeni: "Na hao wakimaliza kuwala wale, watakula nini?"

Nilipomtafsiria, mgeni alifurahi mno. Ni swali lilelile, alisema, la watu wa karantini ya London. Bila jibu lake hakuna kibali. Akamjibu kwamba nyigu huyu hana chakula kingine shambani: wadudu-unga wakipungua, naye hupungua, wakiongezeka, huongezeka, hawamalizani. Mama akasema: "Basi ni kama paka wa ghala." Nimeandika maneno hayo katika daftari langu la istilahi, chini ya "vita vya kibiolojia" niliyoipiga mstari. Kwa kazi za kitivo nimependekeza "udhibiti kwa maadui wa asili", ambayo ni sahihi na haina ladha. Kijijini nitasema ya mama.

Kabla ya kufunga mkutano mgeni alitoa mfukoni kichupa kidogo. Ndani yake kulikuwa na maganda matatu ya kahawia, kila moja dogo kuliko punje ya mtama. Kikazungushwa mikononi. Vijana walikiinua kwenye mwanga. Mama akakisogeza karibu na jicho lake zuri, akakaa nacho kwa muda mrefu, akitafuta tundu la duara alikotokea nyigu.